Mwaka Mji Mzima Ulipokimbilia Swali Moja

Mwalimu wa tuisheni hastaafishwi na mtu. Hakuna mwajiri wa kumkatia keki, hakuna saa ya ukutani, hakuna hotuba ya mkuu wa idara aliyesahau jina lako la pili. Siku moja magoti yanagoma kupanda bodaboda, unafuta ubao, unampa jirani chaki zilizobaki aandikie bei za nyanya zake, na kazi imekwisha. Mimi nimemaliza hivyo hapa Geita, baada ya kufundisha uchumi nyumba kwa nyumba tangu nikiwa binti. Tangu niache, vijana wanaoanza kazi hii hawakauki barazani kwangu. Wanakuja na swali lilelile: "Madam, mwalimu mzuri wa tuisheni ya uchumi ni wa namna gani?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo huku chai inapoa, kwa hiyo naandika. Tena naandika kwa furaha, maana kazi hii niliipenda mpaka nikawa kero kwa ndugu zangu. Harusini wenzangu wanahesabu vitenge vya bi harusi, mimi namweleza mpishi kwa nini mchele umepanda.

Nilianzia Shinyanga mjini. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Masanja, kijana wa Kidato cha Tano, mtoto wa mfanyabiashara wa mchele. Nilifika kwao na kitabu kinene, sketi iliyopigwa pasi mara mbili na Kiingereza changu chote cha chuoni. Nikasimama, nikafundisha. Masanja alikaa wima, macho mbele, akiitikia kila sentensi kwa kichwa. Nikajisemea, loo, kumbe kazi yenyewe rahisi hivi.

"Umeelewa?" nikamuuliza mwishoni.

"Ndiyo, Madam."

"Kabisa?"

"Kabisa, Madam."

"Haya, nieleze na mimi."

Akatazama sakafu, akatabasamu kwa adabu kubwa, akasema, "Madam, naona ulieleza vizuri sana."

Nilicheka mpaka mama yake akachungulia. Kijana hakuwa mwongo. Amelelewa kwenye nyumba ambayo mkubwa akikuuliza kama umeridhika, unaitikia ndiyo, hata kama sahani ilikuwa na mawe. Ungemuuliza kama amefahamu Kichina angekujibu kabisa, Madam. Kuna walimu wamezeeka huku Usukumani wakidhani wana vipawa vya ajabu, kumbe wanaitikiwa tu.

Aliyenifungua macho namna ya kutoka hapo ni Mwalimu Bundala. Alikuwa mzee mrefu aliyefundisha hesabu mtaa uleule, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa jua liwake, mvua inyeshe. Nilimkuta kwenye kibanda cha chai nikamsimulia habari ya Masanja. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Kwenye hicho chumba, nani alikaa na nani alisimama?"

"Mimi nilisimama. Mwalimu si ndiye anayesimama?"

"Kesho kaa wewe. Mpe yeye chaki."

"Mwalimu, mimi nimeitwa nifundishe. Nikikaa, mama mwenye nyumba atasema nini?"

"Atasema mwalimu amechoka. Mwache aseme. Mtoto wa huku ukimuuliza kama ameelewa atakuheshimu. Ukimpa chaki atakuonyesha."

Kesho yake nikakaa. Masanja alishika ile chaki kama mtu aliyepewa nyoka, akachora mstari wa mahitaji ukipanda juu, akaugeuza, akaufuta, akasimama akitokwa jasho. Jamani, hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mahali alipokuwa amekwama. Mahali penyewe palikuwa kabla hata ya ukurasa wa kwanza wa kile kitabu changu. Hakuwa amejua kwamba bei inakaa kwenye mhimili wa wima. Kumbe tulikuwa tunajenga nyumba hewani. Nilirudi kwangu siku hiyo nikitembea karibu na kukimbia, nikiwa na hamu ya kesho kama mtoto anayengoja sikukuu. Mpaka leo sijapata dawa nyingine inayoshinda ile. Ukiingia nyumba ya watu, kaa, mpe mwanafunzi chaki.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Nilikuwa na ubao mdogo wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, wenye tundu mbili juu za kamba ili niuvae mgongoni nikipanda bodaboda. Madereva walinijua kwa huo ubao. Nilikuwa na chaki ya bluu kwa mahitaji na nyekundu kwa ugavi, na sikubadilisha hata siku moja, maana mtoto akishazoea rangi, mkono wake unajua unachora nini. Rula, kitambaa cha kufutia, na chupa ya maji ya kulainisha koo. Mtandao ulipofika na wanafunzi wakawa na simu zenye video za wahadhiri wa ng'ambo, niliambiwa ubao wangu umepitwa na wakati. Inawezekana. Lakini ubao huwezi kuupeleka mbele ukichoka kusikiliza.

Nilihamia Geita pamoja na nusu ya Tanzania, dhahabu ilipovuta watu kutoka kila kona. Wazazi walikuwa na haraka na watoto walikuwa wengi, na shule zikawa na wanafunzi wengi kuliko madawati. Hapo ndipo tuisheni iliponoga. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeletwa kwenye darasa la uchumi kubwa kuliko jengo lolote. Uchumi wa kitabuni unazungumzia ngano na mashine za viwanda vya nchi za baridi. Hapa nje mlangoni kuna wanunuzi wa dhahabu wenye mizani midogo, kuna mama anayeuza uji kwa wachimbaji na kupandisha bei kila mashimo yanapotoa, kuna soko la dagaa la Nkome kule ziwani.

Nkome niliwapeleka wanafunzi kila nilipopata nafasi. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Niliwapeleka siku za mbalamwezi, niliwaacha wamuulize muuzaji bei, kisha nikawarudisha siku za giza wamuulize tena mama yuleyule. Halafu narudi kukaa zangu pembeni na kuwaambia wachore. Hakuna hata mmoja aliyesahau tena maana ya mstari wa ugavi kuhama. Tulilielewa jambo kwa Kiswahili kwanza, na kwa Kisukuma pia pale Kiswahili kilipokwama, kisha ndipo tukalivisha Kiingereza cha mtihani. Walimu wengi wanaanza na kuvisha. Unamkuta mtoto ana shati zuri la Kiingereza, ndani hakuna mtu.

Sasa niwaeleze habari ya Milembe, maana ndani yake mna karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii.

Milembe aliletwa kwangu na shangazi yake aliyekuwa akiishi Geita mjini. Alikuwa amemaliza Kidato cha Sita mwaka uliotangulia na kupata alama nzuri katika masomo mengine, uchumi akaanguka kabisa. Alikuwa anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba yake alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu, kwenye kijiji cha wachimbaji nje ya mji, pamoja na duka la sururu, kamba na taa za kichwani palepale machimboni. Alikuwa ameshatoa kauli yake mbele ya ukoo: Milembe anarudia mara moja tu. Akishindwa, anakwenda kusimamia duka, na habari ya chuo kikuu isisikike tena ndani ya nyumba.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Unalichukia hilo duka?"

"Hapana, Madam. Duka nalipenda. Ila sitaki kwenda pale kwa sababu nimeshindwa kwenda kwingine."

Nikampenda hapohapo. Nikakaa kitini, nikampa chaki.

Tatizo lake tulilipata haraka. Milembe alikuwa na kichwa kikali na kumbukumbu ya kutisha. Alikuwa amekariri majibu ya kurasa nzima, koma na nukta. Ukimuuliza swali kama lilivyoandikwa kwenye daftari, anakumwagia kama bomba. Ukiligeuza kidogo tu, anakumwagia jibu lilelile la zamani. Mtihani uliopita walikuwa wameligeuza. Basi nilimnyang'anya yale majibu. Kila siku nikampa jambo la mtaani na swali moja tu: huyu mtu ameacha nini alipochagua hiki? Dereva wa bodaboda anayekataa abiria wa karibu ameacha nini? Mama aliyeacha kulima pamba akaanza kupika machimboni ameacha nini? Mwanzoni alikasirika.

"Madam, haya yako kwenye mtihani?"

"Hayapo."

"Sasa?"

"Sasa chora."

Baada ya miezi miwili alikuwa anafika kabla yangu. Ananingojea mlangoni kwa shangazi yake na swali lake mwenyewe, amelitafuna usiku kucha. Wenzangu, kuna raha gani kwenye kazi hii inayoizidi hiyo? Mwanafunzi anapokuja na swali ambalo hukumpa, unaweza kuuacha ubao wako pale na kwenda kununua karanga, somo litaendelea.

Halafu, mtihani ukiwa umekaribia, ikaja ile rashi.

Aliyekaa kwenye machimbo anaijua rashi. Shimo moja linatoa, habari inavuja kabla mwenye shimo hajanawa mikono, na asubuhi eneo zima limejaa watu wenye sururu. Mwenye shimo lake zuri analiacha nusu. Hakuna anayeuliza kilichotoka ni kiasi gani. Mwaka ule rashi iliingia kwenye tuisheni. Kulikuwa na mwalimu kijana, mgeni mjini, aliyetangaza kwamba ameshaona swali. Mfumuko wa bei, alisema, lazima utoke, na utatoka na alama nyingi. Wanafunzi wakasema ameona mwamba wa dhahabu. Baada ya siku chache alikuwa akifundisha ukumbini, watu wamesimama mpaka madirishani, asubuhi mfumuko, mchana mfumuko. Wazazi wakawatoa watoto wao kwa walimu wengine. Wangu waliondoka karibu wote. Mmoja aliniaga kwa heshima zote akaniambia, "Madam, tutarudi likishatoka," nami nikamwambia likishatoka mtihani utakuwa umekwisha, mwanangu.

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nina mdomo, na wiki ile mji uliusikia. Kisha ujumbe ukafika kwa shangazi: Baba Milembe anataka mtoto ahamishwe. Siku iliyofuata nikamchukua Milembe, tukapanda bodaboda na ubao mgongoni, tukaenda kwao.

Tulimkuta kakaa nje ya nyumba yake, mtu mfupi mwenye mabega mapana na sauti ya chini.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, Baba Milembe. Mhola?"

"Mhola duhu. Karibu ndani."

Mama Milembe akaleta chai na sinia la matobolwa na karanga. Viazi vile vikavu vilikuwa vitamu mno, nikala kwanza, maana kugombana ukiwa na njaa si jambo la busara. Ndipo Baba Milembe akaanza.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Mtoto anakusifu mpaka tunachoka. Lakini mimi ni mchimbaji. Watu wote wakikimbilia mahali, pana kitu."

"Duara lako hili lilipotoa mara ya kwanza, watu walikuwa wamejaa?"

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa peke yangu. Walinicheka."

"Na ile rashi uliyokwenda mwaka juzi, ambayo Milembe kanisimulia?"

Mama Milembe akakohoa kwenye kikombe chake. Baba Milembe akamtazama, kisha akanigeukia na nusu ya tabasamu. "Hiyo tuiache."

"Basi tufanye hivi. Muulize wewe mtoto swali. Lolote, la kazi yako. Mimi sitafungua mdomo. Ukiona hana kitu, kesho namkabidhi kwa yule mwalimu mwenyewe, tena nauli natoa mimi."

Milembe alinitazama kwa macho makubwa. Hatukuwa tumepatana hivyo. Baba yake alimenya karanga moja bila kuila. Nilidhani atauliza jambo la kumtega. Kumbe aliuliza jambo lililokuwa likimuuma.

"Vijana wangu wa duarani wamenikimbia," alisema. "Wamekwenda kwa jirani. Mawe ya jirani ni mabaya kuliko yangu, kila mtu anajua, na wao wenyewe wanajua. Mimi nawalisha. Tukitoa mawe tunagawana mifuko kwa haki, sijawahi kumdhulumu mtu. Kwa nini wameondoka?"

Milembe akavuta ubao. Hakuandika kitu. "Jirani anawapaje, baba? Mgao?"

"Hapana. Yeye kaanza kuwapa posho ya kila siku. Kidogo tu. Mawe yote yanabaki yake."

"Baba, nikijibu vibaya utakasirika?"

"Jibu."

"Vijana hawalinganishi mawe yako na mawe ya jirani." Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuchora, mistari miwili, mmoja umenyooka na mwingine unapanda na kushuka. "Huu ndio wa jirani. Mdogo, lakini upo kila siku. Huu unaopanda na kushuka ndio wako. Ukiujumlisha ni mkubwa kuliko wa jirani, ni kweli. Ila ndani ya mfuko hakuna anayejua kuna nini mpaka mawe yasagwe. Yakiwa matupu, mmekula hasara pamoja. Wewe unasubiri mgao unaofuata. Kijana wako, nyumbani kwake kuna mtoto anangoja madaftari."

"Hata mimi nina watoto."

"Wewe una ng'ombe, baba. Una duka. Wewe unaweza kungoja. Kwao kungoja ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote hapa, na wewe umekuwa ukiwatoza kila siku bila kujua."

Mama Milembe alikuwa ameshika birika hewani. Mtoto wa kike wa Kisukuma amemwambia baba yake, mbele ya mgeni, kwamba kosa ni lake. Nilibana magoti yangu kwa mikono miwili nisiruke kutoka kitini. Sikuwa na hofu hata kidogo, au kama nilikuwa nayo ilimezwa na furaha, kwa sababu lile jibu sikuwa nimelifundisha mimi. Halikuwa kwenye kitabu changu wala cha mtu mwingine. Alikuwa amelitengeneza palepale, kwenye ubao wangu, kwa chaki nyekundu.

Baba Milembe akala ile karanga. "Nani kakufundisha hilo?"

"Hakuna. Madam ananiuliza kila siku mtu ameacha nini alipochagua. Nimejiuliza vijana wameacha nini kwako."

Akanigeukia mimi. "Na kwenye mtihani wataliuliza hilo?"

"Hawataliuliza."

"Sasa faida yake nini?"

"Wakiuliza chochote, atafanya hivi ulivyoona."

"Mwalimu, hilo ni jibu la mganga."

"Mganga angekuomba mbuzi, Baba Milembe."

Mama Milembe akashindwa kujizuia, akacheka, na mwenye nyumba naye akacheka kwa shida. Kisha akaacha kucheka. "Haya, abaki kwako. Lakini nasema mbele ya mama yake: kauli yangu haijabadilika. Akishindwa, duka linamngoja. Na wewe usije hapa kunipa pole."

Tulirudi mjini, Milembe katikati, mimi nyuma na ubao wangu ukipigwa na upepo. Wiki zile za mwisho nilifundisha kila mada kwa kipimo chake, mfumuko wa bei ukiwemo, bila kuuongezea hata kijiko. Msidhani sikutamani kuongeza. Kila nilipopita karibu na ule ukumbi nikasikia watu wakiitikia kwa pamoja, nilipunguza mwendo. Kama lile swali lingetoka na Milembe akakwama, nilikuwa nimemfungia njia kwa ubishi wangu. Mwalimu wa shule akikosea ana wenzake wa kugawana nao lawama. Wa tuisheni yuko peke yake na mtoto wa watu.

Siku ya mtihani wa uchumi nilishindwa kukaa nyumbani. Nilikwenda kusimama kwenye kijiwe cha bodaboda, mbali kidogo na geti la shule waliyofanyia mtihani. Madereva wakanipa benchi. Muda ulipokwisha, kundi la kwanza likatoka likirukaruka.

"Imetoka!" walikuwa wanaitana. "Imetoka, imetoka vilevile!"

Mfumuko wa bei ulikuwa umetoka. Yule kijana alikuwa ameotea kweli. Nilikaa kwenye benchi. Vijana walionikimbia walipita mbele yangu, mmoja akaniamkia, shikamoo Madam, nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuitambua. Nikawaza lile duka la sururu. Nikawaza nitamwangaliaje yule binti.

Milembe alitoka wa mwisho. Alikuwa anatembea polepole, anafunga kalamu yake kwenye mfuko.

"Imetoka," nikamwambia, kabla hata hajaniamkia.

"Ndiyo, Madam. Nimeiona."

"Umeijibu vizuri?"

"Sikuijibu."

Nilisimama. "Milembe. Swali mji mzima unalijua, umeliacha?"

"Niliyapitia yote kwanza, Madam. Kulikuwa na la mishahara, kulikuwa na la bei za mazao, na mengine nikayaona yananiita. Hilo la mfumuko lilikuwa zuri. Ila niliyonayo yalikuwa mazuri zaidi."

"Na kama umekosea?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Karatasi ilisema nichague, Madam."

Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia, madereva wakapiga honi, na usiku ule sikulala. Nilijua kwamba nimepata nilichokuwa nakitafuta tangu kwa Masanja, na nilijua vilevile kwamba wasahihishaji hawasahihishi furaha yangu.

Miezi ya kungoja matokeo ilikuwa mirefu. Milembe alirudi kwao. Alinipigia simu mara moja kuniambia kwamba baba ameanza kutoa posho ya kila siku, ndogo, na mgao pia umebaki, na vijana kadhaa wamerudi. Wale waliokimbilia ukumbini wengi wao walifaulu, siwezi kuwadanganya. Swali moja lililotoka lilimbeba kila aliyekuwa na mengine ya kulisindikiza. Yule kijana mwaka uliofuata aliotea tena kwa sauti kubwa zaidi, na kilichotoka kilikuwa mbali kabisa na alipochimba. Nasikia sasa anauza vipuri vya pikipiki, na anafanya vizuri.

Matokeo yalitoka mchana. Nilikuwa nakata mboga, simu ikaita, jina la Baba Milembe. Nikanawa mikono, nikaikausha kwenye khanga taratibu, kwa sababu niliogopa kupokea. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo mkubwa wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ikabidi tupige kelele.

"Mwalimu! Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba Milembe."

"Wamempa B ya uchumi. Hii B ni juu au chini? Yeye anasema juu, lakini mwenye mali huisifu mali yake, siwezi kumwamini."

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Ni juu."

"Juu ya C?"

"Juu ya C."

"Juu yake kuna kitu?"

"Kuna A."

"Sasa kwa nini hakuichukua?"

"Baba Milembe," nikasema, na machozi yalikuwa yameshanifikia kidevuni, "anakwenda chuo kikuu. Binti yako anakwenda chuo kikuu."

Nilisikia akiondoa simu sikioni na kumwamuru mtu kwa Kisukuma azime mashine. Mngurumo ukashuka, ukakohoa, ukafa. Machimbo mazima yakawa kimya, na katika ule ukimya nikasikia watu wengi wakipumua karibu na simu.

"Nimeweka spika," alisema. "Vijana wote wapo hapa. Sema tena, Mwalimu, polepole, wasikie."

Nikasema tena.